Rangi ya Nje na Haki ya Ukuta: Dalarna na Unguja

Katika jimbo la Dalarna, nchini Uswidi, ambako riziki imeniweka, nyumba za mashambani aghalabu ni za mbao, na nyingi katika hizo zimepakwa rangi moja tu, nayo ni wekundu mzito ulioelekea hudhurungi, huku pembe za nyumba na viunzi vya madirisha vikipakwa nyeupe. Mtu wa pwani yetu, aliyelelewa akidhani kwamba rangi ya nje ni pambo la mwenye nyumba na dalili ya uwezo wake, hustaajabu kuona zizi la ng'ombe na nyumba ya mwenye ng'ombe, banda la fukara na jumba la tajiri, vyote vina wekundu ule ule, wala hakuna anayeona haya.

Asili ya rangi hiyo ni mgodi wa shaba wa Falun, uliochimbwa kwa karne nyingi hata ulipofungwa mwaka 1992, na ambao UNESCO iliutia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Mawe yaliyotupwa kwa uchache wa shaba yalilundikwa nje yakapigwa na mvua na theluji dahari na dahari, chuma kilichomo kikageuka kutu, na kutu ikawa udongo. Udongo huo huoshwa, hukaushwa, hutiwa motoni, na kadiri moto unavyozidi ndivyo wekundu unavyokoza. Kisha husagwa na kupikwa pamoja na maji, unga wa nafaka, salfeti ya chuma na mafuta ya kitani kidogo, mpaka ukawa mfano wa uji. Hivyo taka ya mgodi imekuwa vazi la nchi nzima, na hata leo rangi hiyo inatengenezwa kutokana na malundo yale yale.

Fadhila yake kubwa haimo katika wekundu wake. Imo katika jambo hili, kwamba haifanyi ngozi juu ya ubao. Hushika katika nyuzi za mbao, nayo huuacha unyevu ulioingia utoke tena kwa njia uliyoingilia. Na inapochakaa haibambuki vipande vipande, bali hupauka na kuwa vumbi linalomshika mtu nguoni akiuegemea ukuta. Kwa ajili hiyo kuirudia ni kazi nyepesi: baada ya miaka kumi au zaidi mwenye nyumba huchukua burashi ngumu, akafuta vumbi lililolegea, akangoja siku isiyo na jua kali wala baridi ya chini ya digrii 5, akapaka mikono miwili myembamba, akiikoroga ndoo kila mara maana udongo hutuama chini. Ubao uliopasuliwa kwa msumeno na kuachwa na ukwaru wake huipokea vizuri kuliko ule uliopigwa randa. Zipo nyumba huku ambazo wenyewe walizipaka rangi nzito za kiwandani zenye kung'aa, kwa kutamani ulaini na wepesi wa kusafisha. Maji yakapenya katika nyufa ndogo, yakakosa pa kutokea, na ubao ukaoza ndani ilhali uso wake ungali unapendeza.

Mambo hayo niliyafikiri sana siku ami yangu, aliye mlezi wa nyumba ya ukoo huko mtaa wa Malindi, katika Mji Mkongwe wa Unguja, aliponiandikia: "Mwanangu, rangi imebambuka tena upande wa mtaani. Huko ulikoko haikosi iko rangi isiyobambuka, tutumie." Nilimjibu kwa heshima yote anayostahiki kwamba rangi anayoitafuta iko kwao tangu zamani za mababu, nayo ni chokaa.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, kuta zake ni nene, na dari zake zimelazwa juu ya boriti za mikoko ambazo vichwa vyake vimezama ukutani. Jiwe la namna hiyo hunywa maji, na maji yapandayo kutoka ardhini huja na chumvi. Wazee walilijua hilo, wakaupa ukuta lipu ya chokaa na kuupiga chokaa juu yake, ili maji yapandayo yatoke kwa pumzi ya hewa kabla hayajadhuru kitu. Tulipoanza kupaka lipu ya saruji, na juu ya saruji rangi ya plastiki, tuliufunga ukuta mdomo. Maji sasa hupanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea. Chumvi hukauka nyuma ya lipu, ikakua punje punje na kuisukuma hata ianguke mapande makubwa. Na vichwa vya boriti, vikikaa katika umajimaji mwaka mzima, huoza pasipo mtu kuviona. Basi rangi inayobambuka ndiyo shida ndogo kabisa ya nyumba ile, na fundi anayeitwa kila mwaka kukwangua na kupaka upya analipwa ili aufunge ugonjwa ndani.

Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa tanuuni kwa moto wa kiasi cha digrii 900, yakazimwa kwa maji, na kulazwa shimoni miezi kadhaa hata yakalainika. Ikishapakwa hurudia ujiwe wake polepole kwa kuvuta hewa. Hapo ndipo penye siri ya kuipaka, nayo inadharauliwa sana. Ukuta hunyunyizwa maji kwanza, kwani chokaa ikikauka kwa haraka haishiki, bali hubaki unga. Hupakwa nyembamba kama maziwa yaliyozimuliwa, mikono mitatu hata mitano, kila mkono ukipewa siku yake. Asubuhi hufanywa ukuta wa magharibi na alasiri ukuta wa mashariki, ili mpakaji afuatane na kivuli. Wakati wake ni baada ya masika, ukuta ukiisha kukauka na upepo wa kusi ukivuma. Anayetaka rangi huongeza udongo mwekundu au wa manjano, na tone la nili humzidishia weupe yule apendaye nyeupe.

Najua majibu nitakayopewa. Chokaa hutaka kurudiwa kila baada ya mwaka au miwili, na desturi ya kupiga chokaa nyumba kabla ya Idi, iliyokuwa furaha ya vijana wa mtaa, imefifia. Tena wengi huiona ni rangi ya asiye na uwezo. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Waswidi hawakuihifadhi rangi ya Falun kwa ufukara. Waliihifadhi kwa sababu inauafiki ubao wao, na heshima ikafuata. Sisemi kwamba kila nyumba ya Unguja ipigwe chokaa. Nyumba ya matofali ya saruji huko Bububu haina haja hiyo, na rangi nzuri ya nje ya kiwandani, juu ya lipu iliyokauka barabara, inaifaa kabisa. Swali la kwanza kwa mwenye nyumba ni ukuta wake umejengwa kwa nini. Swali la rangi gani ipendezayo lije nyuma.

Ama nyumba ya Malindi, tumeafikiana na ami kwamba hatutapiga chokaa juu ya rangi iliyopo, kwa kuwa haitashika, kama vile rangi ya Falun isivyoshika juu ya plastiki. Kwanza rangi yote itakwanguliwa, na lipu ya saruji itatolewa taratibu upande wa mtaani, fundi akiangalia vichwa vya boriti kimoja kimoja. Kisha ukuta utaachwa wazi msimu mzima wa kusi ukauke, chumvi ikipigwa burashi kila inapochomoza, na lipu mpya ya chokaa ndipo ipakwe. Shimo la kuzimia chokaa limekwisha chimbwa uani.