Ufunguo Uliofungiwa Ndani

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Desemba 2021 nilifika Keroka, mji unaogawanywa na mpaka wa Kisii na Nyamira, nikidhani ndimi mgeni wa kumponya mjomba. Yeye huwajazia watu fomu za serikali mtandaoni katika duka lake kando ya barabara iendayo Sotik. Kipakatalishi chake kilikuwa kikongwe, na leseni ya mfumo wa kulipiwa ilimshinda bei. Nikampakia Debian 11, mfumo endeshi wa programu huria, kwa diski kamili niliyoitoa chuoni.

Kila kitu kilitii isipokuwa kifaa cha kunasia mtandao usio na waya. Skrini ilinidai faili iliyokosekana, ilhali faili yenyewe ilikuwa mtandaoni. Ikawa ni kama ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba. Wateja walingoja, wakachoka, wakaondoka. "Mpwa wangu," mjomba akasema, "umeniletea ng'ombe asiye na maziwa." Jioni ndipo nilipofaulu kuipakua faili ile kwa rununu na kuihamisha kwa waya. Riziki ya siku ilikuwa imekwisha kupotea.

Viendeshi ni programu zinazouwezesha mfumo kuwasiliana na vifaa. Kiini cha Linux, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, hubeba viendeshi vingi ndani yake, na huo ni utaratibu wa busara. Kiendeshi cha mjomba kilikuwamo. Kilichokosekana ni programu ndogo inayopakiwa ndani ya kifaa chenyewe, ambayo mtengenezaji ameificha siri yake. Kwa mujibu wa mkataba wao wa mwaka 1997, Debian hawakuitia katika diski rasmi. Ilikuwapo diski nyingine isiyo rasmi iliyokuwa nayo, lakini mgeni wa mambo haya angeijuaje?

Naiheshimu hoja yao. Programu isiyosomeka haiwezi kurekebishwa wala kuaminiwa kikamilifu. Hata hivyo, aliyeficha ni mtengenezaji, na aliyeadhibiwa ni mjomba.

Oktoba 2022 wanachama wa Debian walipiga kura, wakaamua programu hizo ziingizwe katika diski rasmi, mtumiaji aarifiwe, na awe na hiari ya kuzizima. Debian 12 ilitoka hivyo Juni 2023. Desemba hiyo nilimpakia mjomba, na mtandao ukashika kabla chai haijapoa.

Kwa maoni yangu, huo ndio usambazaji ufaao: viendeshi na visaidizi vyake visafiri pamoja na mfumo, tayari kutumika pasipo mtandao, na vyenye siri vitajwe waziwazi. Nasi wasomi tusichoke kuwadai watengenezaji wafichue siri hizo. Dai hilo tulibebe sisi, tusimtwike mwenye duka anayesubiri mteja wake wa kwanza.