Kwa Baiskeli hadi Kizimkazi

Mwenye kutoka Mjini, Unguja, kwenda Kizimkazi kwa gari hupita katika nchi mbili asijue. Hukaa dirishani akazungumza na jirani yake, na mazungumzo hayajesha, naye amekwisha kufika. Ama mpanda baiskeli, hana budi kujua. Nchi ya kwanza ni ya udongo mwekundu wenye kina, uitwao kinongo, nchi ya minazi na migomba na miembe. Na ya pili ni nchi ya maweni, ambako jiwe limetokeza juu na udongo umebaki katika vishimo tu. Njia yote ni kilomita zaidi ya 50, nasi tuliikata kwa siku moja ya Ijumaa, wakati wa kipupwe, pamoja na vijana wanne wa chuo chetu.

Kuichagua Ijumaa kulitutia katika sharti. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mtu aliyewajibikiwa na swala ya Ijumaa hana ruhusa ya kusafiri baada ya alfajiri ya siku hiyo, ila akitaraji kuipata njiani au huko aendako. Vijana walitaka siku hiyo kwa kuwa ndiyo siku yao ya mapumziko. Tukawaambia: "Vyema, lakini ikiwa tutatoka, basi lazima tufike kabla khatibu hajapanda mimbari." Mmoja wao akauliza, "Maalim, je, kwa safari hii si tutapunguza swala?" Tukamjibu kuwa haifiki. Safari ya kupunguzia ni marhala mbili, na wanazuoni wamezikadiria kuwa ni zaidi ya kilomita 80. Machofu peke yake hayapunguzi rakaa.

Tuliswali alfajiri, tukasoma dua ya safari, na saa kumi na mbili na nusu tukawa barabarani. Mpaka Tunguu njia ni nyepesi. Watoto waendao skuli walitusalimu kwa "Shikamoo", na akina mama waliobeba ndoo wakatupisha. Mbele ya Tunguu, upande wa Bungi, barabara huingia chini ya miembe mikongwe iliyokutana juu kama paa. Wenyeji husimulia kuwa ilipandwa na Bi Khole binti Said, mwana wa Seyyid Said, ambaye magofu ya jumba lake yangali karibu na hapo. Chini ya kivuli kile vijana waliimba kasida wakashindana mbio. Sisi hatukushindana. Mtu aliyepita miaka 50 huweka nguvu yake kama mwenye safari ndefu awekavyo maji.

Tukapita njia ya kwendea Unguja Ukuu, mji uliokuwa bandari tangu kabla ya karne ya 10, tukaingia msitu wa Jozani. Hapo hewa ni baridi na ardhi ina unyevu. Barabarani kuna matuta yaliyowekwa ili magari yasiwagonge kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Unguja tu. Tulimwona mmoja ameketi juu ya tawi, mkia wake umening'inia, akitutazama kama mwenye nyumba atazamavyo wageni wasiobisha hodi. Kima huyu hula makaa ya kuni; watu waliomchunguza wanasema makaa humwondolea madhara ya baadhi ya majani alayo. Vijana hawakuamini mpaka mzee mmoja wa pale aliposhuhudia.

Baada ya Kitogani nchi hubadilika. Minazi hupungua, vichaka huja chini, na jiwe la kijivu hutokeza pande zote mbili. Watu wa huku hulima katika vishimo baina ya mawe kwa muo, shina moja la muhogo hapa, jingine kule, na kulizunguka shamba hupanga ukuta wa mawe bila ya chokaa ili nguruwe mwitu wasiingie. Kazi hiyo ya mikono yao haionekani dirishani mwa gari. Na pale ndipo kusi ilipotupokea usoni. Upepo wa kusini kwa mtu wa jahazi ni rehema akienda kaskazini. Kwa mpanda baiskeli aendaye kusini ni mlima usioisha.

Karibu na Muyuni gurudumu la kijana wetu mdogo likapasuka. Tulikuwa na kiraka na gundi, lakini kiraka hakikushika, na saa ilikwisha kuwa tano kasorobo. Gari la abiria likapita. Tukamwambia kijana apande, baiskeli iwekwe juu, asije akaikosa Ijumaa. Akasema, "Maalim, nitakwenda na nyinyi." Tulikuwa karibu kumwamrisha, mara akatokea mtu mzima juu ya baiskeli, nyuma amefunga mzigo wa kuni. Akashuka, akatoa mpira wa ndani, akaukunja mahali palipotoboka, akaufunga kwa kipande cha mpira mkuukuu kwa nguvu, akautia upepo. Gurudumu lilikwenda likidundadunda, lakini lilikwenda. Fedha alizikataa, akataka dua tu kwa mkewe aliyekuwa mgonjwa, nasi tukamwombea pale pale barabarani.

Tulifika Kizimkazi Dimbani saa sita kamili, tukaoga kwa maji ya kisima, na khatibu alipopanda mimbari tulikuwa tumekaa katika safu.

Baada ya swala wenyeji walitupeleka katika msikiti wa kale. Kwa nje, chini ya paa lake la bati, mpita njia haoni kitu. Ndani mna mihrabu yenye maandishi ya Kikufi yaliyotiwa mapambo ya maua, na tarehe yake ni mwezi wa Dhulqaada mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Ni mojawapo ya maandishi ya kale kabisa ya Kiislamu yanayojulikana katika pwani hii. Jengo lenyewe lilijengwa tena katika karne ya 18. Vijana wetu, ambao wote wamekhitimu msahafu, walisimama muda mrefu wasiweze kusoma neno, mpaka mmoja alipolitambua jina la Mwenyezi Mungu, akalifuata kwa kidole bila ya kuligusa.

Kisha akauliza kwa nini watu wa kale waliuacha udongo mwekundu tulioupita asubuhi, wakaja kujenga kwenye mawe. Tukamtoa nje tukamwonyesha ghuba. Wao hawakuja kwa njia tuliyoijia sisi. Walikuja kwa bahari, na kwa aliyekuja na kaskazi akitafuta pahala pa kutia nanga, hapa ndipo penye mlango, na kinongo kiko nyuma ya nyumba. Na jiwe la mihrabu ile ni tumbawe la baharini, ambalo huchongeka likiwa bado bichi, kisha likakauka likawa gumu.

Laasiri tuliiswali rakaa nne. Tukalala kwa wenyeji wetu, na asubuhi tukaondoka na kusi mgongoni.