Aliyekuwa Akituzunguka

Paka akipotea Lamu, unamtafuta wapi, na mji mzima ni wa paka? Wamo madakani, wamo juu ya mapaa, wamo katika magofu ambayo wenyewe hawajulikani tena. Alfajiri mashua zikitia nanga hujipanga kungojea matumbo ya samaki. Pita hapo ukiita jina moja: vichwa kadhaa vitainuka, vyembamba, vyenye masikio makubwa, na hakuna hata kimoja kilicho cha Shombo, paka wangu.

Shombo ana baka jeusi chini ya kidevu, na ncha ya sikio la kushoto iliyokatika kwa ugomvi wa zamani. Hayo nimewaambia watoto wa chuoni, wauza mahamri, hata wenye punda.

Usiku ndio mgumu. Kila mkwaruzo juu ya makuti ni yeye. Natoka na taa, nakuta popo. Dirisha la nyuma silitii komeo. Kusi inaingia na mvua yake, inalowesha mkeka, nami nauacha ulowe. Kwenye sahani ya bati vichwa vya dagaa vimekauka, macho yamekuwa meupe, na sisimizi wamejitengenezea njia kutoka ukutani. Navitupa, naweka vingine. Namwekea nani?

Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzunguka. Hadithi hiyo nimeisikia tangu utotoni katika darsa za twahara, juu ya maji aliyoyanywa paka, nikaipita. Sasa ndipo ninapojiuliza kuzunguka ni kitu gani. Labda ni lile joto linalopita kando ya goti nikiwa juu ya mbuzi nakuna nazi, joto nisilolitazama, nililolisukuma kwa kisigino maana lanipotezea wakati. Leo nakuna nazi bila bughudha yoyote. Tui linawahi. Nani aliniambia nina haraka?

Watu wa pwani tunajua kuwangoja wasiorudi. Bahari imechukua wengi, wala haikurudisha hata kofia. Imo katika Muwatta ya Imam Malik kwamba Sayyidna Umar bin Khattab alimhukumia mke wa aliyepotea angoje miaka 4, kisha akae eda ya miezi 4 na siku 10. Zamani niliona ugumu tu wa hukumu hiyo. Sasa naiona huruma yake: ipo siku mtu anaambiwa basi, umengoja vya kutosha.

Kwa paka nani atasema basi? Hana matanga, hana khitma, hapana jirani atakayeleta sinia na pole. Naona haya hata kumtaja karibu na wajane wa bahari. Najua si sawa. Lakini saa nane za usiku, sikio lililotegwa mlangoni halijui linamngoja nani.

Jirani yangu, bibi aliyezika wengi, amenifariji kwa namna yake: “Mwanangu, paka ni wa mtaa. Keshapata kwengine.” Huenda. Paka wa mtaa huu wetu wa Mkomani hula nyumba tatu akalala ya nne. Huenda kule mtaa wa Langoni yupo mtu aliyekuwa akimwita kwa jina jingine muda wote huu, na mimi niliyejiita mwenyewe nilikuwa kituo tu cha njiani.

Wazo hilo linanipoza na kunichoma kwa pamoja. Wazee husema paka akihisi mauti hujitenga, asionekane. Kati ya kusahauliwa na kufichwa kifo, nalitaka la kwanza. Au nadhani nalitaka. Maana nikipita Langoni natazama kila daka, na nikiona mkia mahali nachelewa kuinua macho. Nikimkuta amenona kwenye baraza la watu, akanitazama, asinyanyuke, nitafurahi? Naogopa kumwona karibu sawa na ninavyoogopa kutomwona, na bado napita njia hiyo hiyo.