Kutu ya Mlango

Shule niliyofundisha zamani ilikuwa karibu na Tanga, mahali ambapo mtu aliyelala kitandani husikia mawimbi ya bahari. Tulikuwa na basi moja la kuchukulia watoto wakaao mbali, nami ndiye niliyepewa kazi ya kulitunza. Mwezi wa Februari mwaka 2011 tulipata habari ya kuwa wageni wakubwa watakuja kuitazama shule. Nikalizunguka lile basi, nikaona rangi ya mlango imefura upande wa chini kama malengelenge. Nilipoibonyeza kwa kidole ikapasuka, ukatoka unga mwekundu. Ilikuwa kutu.

Nalijua yaliyonipasa kufanya, lakini siku zilikuwa chache na fedha haba. Nikatwaa msasa, nikasugua juu juu, kisha nikapaka rangi nzito mara mbili. Wageni walipokuja walilisifu basi letu, nami nikaona fahari.

Mvua za masika zikaanza. Asubuhi moja ya mwezi wa Mei, basi lilipokwisha kusimama, msichana wa darasa la tatu alishika mlango ili ateremke. Bawaba ya chini iking'oka katika bati lililooza, mtoto akaanguka, na ukingo wa bati ukampasua mkono. Tukampeleka hospitali, akashonwa, akadungwa sindano ya kukinga pepopunda. Maana si kutu yenyewe iletayo ugonjwa huo, ila ni vijidudu vikaavyo katika udongo na vumbi, navyo huingia kwa njia ya jeraha.

Jioni nalikwenda kwao. Mama yake alinipa kiti, akanishukuru kwa kumwahisha mtoto hospitali. Shukrani zile ziliniuma kuliko matukano. Nikamweleza habari ya kutu na ya rangi, wala sikuficha neno. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, mlango utakapokuwa mzima, ndipo mtoto wangu atakapopanda tena."

Kesho yake nikalipeleka basi kwa fundi mmoja wa vyuma, mtu mzima mwenye maneno machache. Akaufungua mlango, akaupindua, akauliza, "Mwalimu, nani ameziba matundu haya?" Nikainama nikatazama. Chini ya mlango palikuwa na matundu madogo, yaliyoachwa makusudi ili maji yapenyayo katika mpira wa dirisha yapate kutoka. Rangi yangu ilikuwa imeyaziba yote. Mvua iliingia juu, isipate njia ya kutokea chini. Fundi akasema, "Rangi hii haikuificha kutu tu, bali iliinywesha maji."

Akanifundisha ya kuwa chuma hushika kutu kikikutana na maji na hewa pamoja, na chumvi ya bahari huiharakisha kazi hiyo. Kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo sababu rangi hufura. Tena haikingi kilicho chini yake, maana humeguka na kuacha chuma kingine wazi, nacho kikaliwa vile vile.

Kisha akaanza kazi. Aliondoa mipira, akafungua nyaya za betri kabla ya kuchomelea, akaweka ndoo ya mchanga karibu kwa ajili ya moto. Akagonga bati kwa nyundo ndogo pole pole. Palipo pazima palilia, palipooza palitoa sauti ya kufa. Akakata mpaka alipofika chuma king'aacho, wala hakuliachia hata bati lililokuwa nusu zima. Akakata kiraka cha bati la unene wa milimita 1.5, akakichomelea nukta hapa na nukta kule, ili joto lisilipinde bati. Akalainisha kwa tupa, akapaka rangi ya kuzuia kutu nje na ndani, kisha rangi ya juu. Mwisho akatwaa msumari mwembamba, akahakikisha kwamba kila tundu li wazi.

Nalimwita yule mama aje kuutazama. Hakuitazama rangi. Aliushika mlango kwa mikono miwili, akautikisa kwa nguvu zake zote, kisha akainama akapitisha kidole chini yake. Akasema, "Kesho atakuja." Na kweli alikuja, na kovu lake mkononi.

Tangu siku ile, kila mwanzo wa muhula hupiga magoti mbele ya mlango wa basi na msumari mkononi, nikayazibua matundu. Watoto hunicheka. Nanyi msomao habari hii, mkiona rangi imefura mahali, msiifunike. Ikwangueni mwone kilicho chini, mwambieni mkubwa wenu, hata kama kosa ni lenu.