Kutia Nguo Rangi kwa Maji Machache

Katika kazi za mikono tunazofundisha shuleni kwetu, njiani kwendea Pangani kutoka Tanga, hakuna iliyopendwa na wasichana kama kutia nguo rangi. Walakini hakuna iliyopingwa na mama zao kama hiyo, wala hawakukosa sababu. Mwezi wa Januari na Februari, kaskazi ivumapo na visima vya pwani vikizidi chumvi, ndoo ya maji matamu ni mali. Mtoto aliyeteka maji alfajiri aambiweje ayamwage adhuhuri kwa ajili ya pambo? Mama hao waliuliza: kazi hii ni faida, au ni israfu?

Kutia rangi si jambo geni kwetu. Wanawake wa mwambao huchemsha ukindu katika rangi wapate kusuka mikeka, na wavuvi wa zamani walitumia gome la mkoko kuhifadhi nyavu na matanga. Lakini njia ya sufuria yala maji: nguo yenye uzani wa nusu kilo, ili ienee rangi sawasawa, yataka lita 10 au zaidi, na kuni juu yake.

Njia ninayoisifu ni nyingine. Rangi zake ni za unga, za namna iliyoanza kuuzwa mwaka 1956 na kampuni ya ICI ya Uingereza kwa jina la Procion. Hizo hushikamana na pamba yenyewe, tena bila moto, mradi yawepo magadi. Chukua kitambaa cha pamba tupu, kama marekani, ukifue hata wanga wa dukani utoke. Kikiwa bado na unyevu, kikunjekunje na kukishindilia katika bakuli dogo. Mimina rangi iliyoyeyushwa, kikombe kimoja au viwili kwa yadi moja, wala usikoroge. Baada ya nusu saa mimina maji ya magadi soda, ukiache saa moja au zaidi. Joto la Tanga litakusaidia. Palipobanwa na mikunjo rangi hufika kwa shida, palipo wazi hufika tele. Ndipo hutokea mawingu na mishipa kama ya marumaru. Ukiongeza maji na kukoroga, utapata nguo ya rangi moja tu. Basi uzuri wake watokana na uchache wa maji.

Hapo wengi hudhani hesabu imekwisha. Sivyo. Sehemu ya rangi huungana na maji badala ya pamba, nayo haishiki tena. Isipotolewa itachafua nguo nyingine. Kwa hiyo maji mengi huliwa na kusuuza, na hapo ndipo mama wale walipoona kweli. Siku hizi twapanga mabeseni matatu. Nguo hupita la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu, nyepesi kwa rangi zikitangulia nzito. La kwanza likichafuka mno humwagwa, la pili hushika mahali pake, la tatu huwa la pili, na maji mapya hutiwa katika la mwisho tu. Hatimaye huja maji ya moto na sabuni.

Tena yapo ya kujihadhari. Unga huu usivutwe puani, basi funika pua na mdomo. Vaa mipira mikononi. Vyombo vyake visirudi jikoni kamwe. Na maji machafu yasimwagwe karibu na kisima.

Kabla ya kuanza, wasichana huandika ubaoni ndoo watakazotumia, na jioni huandika walizotumia. Mama mmoja, aliyekuwa mkali kuliko wote, alikuja akaisoma hesabu ile, akahesabu na ndoo zenyewe kwa kidole. Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Mwalimu, unga huo wauzwa bei gani?"

Enyi walimu wenzangu, tusifundishe kazi ya mikono pasipo kufundisha gharama yake. Mzazi aulizaye habari ya maji hakatai elimu. Ataka kujua kama nasi twajua kuhesabu.