Kusi, Kaskazi na Njaa: Kazi ya Kubuni Mchezo wa Mzingiro wa Mombasa

Mzingiro wa Ngome ya Yesu, iliyoshikwa na Wareno, ulianza tarehe 13 Machi 1696, merikebu za Imamu Saif bin Sultan wa Oman zilipofika Mombasa. Ulimalizika tarehe 13 Desemba 1698, Waomani walipoupanda ukuta. Ni miezi 33 kamili, na hesabu hiyo ndiyo iliyoupa umbo mchezo wa vita wa mezani unaoelezwa hapa: zamu 33, kila zamu mwezi mmoja.

Mbunifu wake alitoka katika uchoraji wa ramani, kwa hiyo alianza na ubao. Alikichora kisiwa na mikono miwili ya bahari inayokikumbatia: Kilindini upande mmoja, na upande wa pili bandari ya Mji wa Kale inayolindwa na ngome. Makupa, mahali pa kuvukia kwenda bara, palipewa duara lake, kwa kuwa anayepashika huzuia chakula cha nchi kavu.

Toleo la kwanza lilishindwa. Lilikuwa mchezo wa mizinga: wachezaji walirusha dadu, pointi za ukuta zikapungua, ngome ikaanguka zamu ya tano. Kosa lilikuwa la mbunifu, aliyesahau mahali alipo. Ngome hiyo, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe na ilikusudiwa kustahimili mizinga. Iliyowamaliza waliokuwamo ni njaa na maradhi.

Toleo la pili liliongozwa na upepo. Kando ya ubao uliwekwa mstari wa misimu. Meli za Wareno kutoka Goa huja na kaskazi, kama zilivyofika tarehe 25 Desemba 1696. Zinazopanda kutoka Msumbiji huja na kusi. Ndivyo merikebu Santo António de Tanná ilivyorudi Mombasa Septemba 1697, ikazama mbele ya ngome mwezi uliofuata. Mchezaji wa Kireno huagiza msaada zamu kadhaa kabla ya kuuhitaji. Msimu ukimpita, hungoja. Mwomani naye ana bahari hiyohiyo na upepo uleule.

Njaa ilihitaji kuonekana kwa macho. Baada ya kujaribu majedwali ya namba, mbunifu aliweka kikombe cha mbaazi katikati ya meza. Kila mwisho wa zamu mchezaji wa ngome hutoa mbaazi kwa mkono wake, moja moja, kulingana na watu alionao. Katika majaribio, meza zilizokuwa na kelele za dadu zilinyamaza kikombe kilipobaki na mbaazi sita. Hapo ndipo kanuni za chakula zilipokamilika, na hazikuguswa tena.

Marekebisho makubwa ya mwisho yalihusu nani akae mezani. Matoleo ya awali yalikuwa na pande mbili, Wareno na Waomani, na hivyo yaliwafuta wenyeji. Waliojihifadhi ngomeni wengi wao walikuwa watu wa pwani, na kulikuwa na Waswahili pande zote mbili za ukuta. Mwishoni mwa Agosti 1697, nahodha Mreno alipokufa kwa maradhi, ngome ilibaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake na Waafrika wengine, wanawake wakiwa wengi. Waliishika mpaka msaada ulipofika. Kiti cha tatu kikaongezwa: mchezaji wa Faza ana masharti yake ya ushindi, na nahodha akifa, amri yote ni yake. Mbunifu anahesabu kanuni hiyo kuwa sehemu bora ya kazi yake, kwa sababu inamrudisha mwenye nchi katika habari ya nchi yake.

Zamu ya 33 ina kadi moja iliyofunikwa. Mchezaji wa ngome haruhusiwi kuifunua mpaka matokeo yaandikwe. Chini yake kuna meli za msaada kutoka Goa. Zilifika siku chache baada ya ngome kutekwa, zikaiona bendera ya Oman juu ya ukuta, zikageuza.