Kufufua Pikipiki Kuukuu

Watu wengi hupenda kitu kikiwa kipya. Wachache hukipenda kikiisha chakaa. Kitu kipya husifiwa na kila mwenye macho, lakini kitu kikuukuu hakimfunulii mtu thamani yake mpaka akijue. Katika insha hii nataka kusema nawe, msomaji, juu ya kazi ya kufufua pikipiki kuukuu, na juu ya watu waishio kwa pikipiki katika mji wa Garissa. Yamkini utauliza mwalimu ana shughuli gani katika gereji, mahali pa oili na kelele. Nakuomba uvumilie kidogo. Jibu limo katika maneno yafuatayo.

Garissa umejengwa ukingoni mwa Mto Tana, mto mrefu kuliko yote ya Kenya, yapata kilomita 370 kutoka Nairobi. Mashariki ya mto huo nchi ni tambarare, yenye mchanga, migunga na makundi ya ngamia, na jua lake halina haya. Nilifika huko mwaka 2016, nikiwa nimetoka chuo cha ualimu. Ulikuwa umepita mwaka mmoja tu tangu shambulio la tarehe 2 Aprili 2015, ambalo katika hilo watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Walimu wengi waliotoka mbali walikuwa wamehama, na jamaa zangu walinisihi nisiende. Niliposhuka katika basi, mtu wa kwanza kunipokea alikuwa mwendesha bodaboda. Alifunga sanduku langu kwa mpira, akanipeleka hadi lango la shule, na aliposikia kuwa mimi ni mwalimu mgeni alikataa nauli. Akasema, "Mwalimu, wewe kaa tu. Watoto wetu wanakungoja." Maneno hayo machache yalinishinda nguvu, nami nikakaa.

Neno bodaboda lina historia yake. Lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, pande za Busia na Malaba, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakiwavusha watu na mizigo kutoka upande mmoja hadi wa pili. Jina lenyewe ni neno la Kiingereza la mpaka, likatamkwa kwa ulimi wetu. Yapata mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoziondolea kodi ya thamani pikipiki ndogo, pikipiki zilienea nchini kama mvua ya masika, na baiskeli zikarudi nyuma. Kaskazini Mashariki, ambako kijiji hadi kijiji ni mwendo wa saa nyingi na magari ni machache, chombo hiki kimekuwa mguu wa watu. Hupeleka maziwa ya ngamia sokoni, mitungi ya maji nyumbani, na mama mwenye uchungu wa kuzaa hospitalini. Anayeidharau bodaboda na ajaribu kutembea maili kumi mchangani saa saba za mchana, kisha aseme.

Sasa niruhusu nikueleze moyo wa chombo hiki. Injini ya pikipiki za aina hii ni ya mapigo manne. Katika pigo la kwanza pistoni hushuka, ikavuta ndani hewa na petroli; katika la pili hupanda, ikavikandamiza; katika la tatu cheche ya plagi huuwasha mchanganyiko huo, na nguvu ya moto ikaisukuma pistoni chini; katika la nne pistoni hupanda tena, ikautoa moshi. Mjerumani Nikolaus Otto alifaulu kuunda injini ya mapigo manne mwaka 1876. Mwaka 1885 Wajerumani wenziwe, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, walitia injini ndogo katika kiunzi cha mti chenye magurudumu, na pikipiki ya petroli ikaanza safari yake duniani.

Safari hiyo ilipofika Japani ilimkuta Soichiro Honda, mtoto wa mhunzi, aliyezaliwa mwaka 1906. Baada ya Vita Kuu ya Pili, watu wa nchi yake walipokuwa hawana vyombo vya kusafiria, alichukua injini ndogo zilizosalia jeshini akazifunga katika baiskeli. Na mwaka 1948 akaanzisha kampuni yenye jina lake. Mwaka 1976 kampuni hiyo ilitoa pikipiki iitwayo CG 125, iliyokusudiwa nchi zenye barabara mbaya na mafundi wa mbali. Waundaji wake waliacha mnyororo mwembamba wa kuendeshea vali, wakatumia fimbo za chuma zinazozisukuma vali kutoka chini, kwa kuwa fimbo humvumilia mtu asiyebadili oili kwa wakati. Baadaye viwanda vya China viliunda injini nyingi kwa mfano huo, na nyingi katika hizo zimefika Afrika Mashariki. Kwa hiyo bodaboda nyingi uzionazo leo ni wajukuu, na babu yao ni CG 125.

Mimi nilimpata babu mmoja. Alikuwa amelala nyuma ya ua wa mzee mmoja aliyekuwa afisa wa mifugo, chini ya mgunga, magurudumu yamezama mchangani na kuku wametaga chini ya tangi. Mzee aliinunua miaka ya 1980, akaizungukia nayo wilaya nzima kuchanja ng'ombe, kisha ikamchosha naye akachoka. Kabla ya kuzungumza bei nilimwomba kitabu cha umiliki, naye akakitoa katika sanduku la mbao, kimekunjwa ndani ya kitambaa. Nakushauri nawe ufanye vivyo hivyo siku utakayonunua chombo chochote, kwani rahisi isiyo na karatasi huweza kuwa ghali mbele ya hakimu.

Tuliipeleka kwa fundi mmoja ambaye vijana wote wa mjini humwita Abti, maana yake mjomba kwa Kisomali. Abti hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini husikiliza injini kama tabibu asikilizavyo kifua. Sheria yake ya kwanza ilikuwa hii: kisifunguliwe kitu kabla ya kujulikana kitawekwa wapi. Tulikusanya mikebe mitupu ya maziwa ya unga, na kila mkebe ukaandikwa jina: karibureta, klachi, gia, vali. Kila parafujo iliyotoka ililala katika mkebe wake. Tuliosha vyuma kwa mafuta ya taa, tukavikwangua kutu kwa msasa, tukavipanga juu ya gunia kama vyombo vya arusi. Tangi lilikuwa na kutu ndani. Tukatia kokoto na mafuta, tukalitikisa kwa zamu mpaka mikono ikafa ganzi.

Ugonjwa mkubwa ulikuwa katika silinda. Chujio la hewa lilikuwa limechanika zamani, na mchanga wa Garissa, ambao ni laini kama unga, ulikuwa umeingia pamoja na hewa na kuukwaruza ukuta wa silinda, mpaka ringi za pistoni hazikuweza tena kuzuia nguvu isivuje. Tazama jinsi kitambaa kidogo kilichopuuzwa kilivyoweza kuua chuma kigumu! Dawa yake ilikuwa kuikereza silinda ndani, iwe pana kidogo na laini tena, kisha kuitafutia pistoni ya kipimo kipya.

Hapo ndipo anapoingia kijana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye jina lake nalihifadhi. Alikuwa hodari wa mikono na mzito wa hesabu. Kaka yake alikuwa ameahidi kumpa pikipiki aendeshe, apate fedha kila siku, naye alikuwa amekwisha azimia kuacha shule. Nilikuwa nimemwonya mara mbili darasani, na maonyo yangu yalimpita kama upepo. Basi nilimwomba aje gerejini siku za Jumamosi atusaidie kuandika daftari la kazi, naye akaja kwa ajili ya pikipiki, si kwa ajili yangu.

Siku ya kupima silinda, Abti alimpa kipimo. Kipenyo cha asili kilikuwa milimita 56.5, na mwendo wa pistoni milimita 49.5. Kijana akauliza kwa nini pikipiki huitwa ya 125. Nikamwambia kuwa jibu analo darasani, katika kanuni ya ujazo wa mcheduara. Alichora vumbini kwa msumari, akakosea, akafuta kwa kiganja, akarudia. Mwisho alipata sentimita za ujazo 124 na kitu kidogo. Alikaa kimya, kisha akauliza mwenyewe, bila kuagizwa, "Tukiikereza iwe 57, itakuwa ngapi?" Akapiga tena hesabu, ikaja 126 na sehemu tatu za kumi. Abti, ambaye miaka yote alizijua pistoni kwa vidole, aliinama akatazama tarakimu zile vumbini kwa heshima, akasema, "Kumbe hiki nilikijua bila kujua."

Nilimsimulia kijana habari moja ya Honda. Katika miaka ya 1930, kabla ya pikipiki zake, Honda alijaribu kutengeneza ringi za pistoni, na zikamshinda. Mikono yake ilikuwa na ustadi wote wa mwana wa mhunzi, lakini hakujua tabia ya madini. Ingawa alikuwa mtu mzima mwenye kazi, alikwenda kusikiliza masomo katika shule ya ufundi ya mji wa Hamamatsu, akakaa pamoja na vijana, mpaka akaijua siri ya chuma. Sikuongeza neno. Kijana aliendelea kusafisha mkebe wake wa vali. Mwaka uliofuata alikuwa katika kidato cha nne, na leo anasoma katika chuo cha ufundi. Wakati wa likizo huendesha pikipiki ya kaka yake.

Pikipiki yetu iliamka baada ya miezi 7. Vipuri vyake vingi tulivipata katika maduka ya bodaboda mjini, kwa sababu ya udugu ule niliokutajia, na kilichokosekana Abti alikichonga kwa tupa. Alipiga kiki mara moja, mbili, tatu. Mara ya nne ikakohoa, ikatoa moshi wa buluu, kisha ikatulia katika mlio wake. Mzee wa mifugo aliitwa aisikie. Alisimama akiegemea bakora yake, akatikisa kichwa, akasema kuwa sauti ile aliijua kama sauti ya mkewe.

Tangu siku hiyo nilihesabiwa kuwa mmoja wa watu wa steji, nami nikajifunza maisha yao. Waendesha bodaboda wana mwenyekiti, mweka hazina na sanduku la mchango. Mmoja akifiwa, wote hutoa. Pikipiki ikiharibika njiani gizani, mwenzake hamwachi. Katika steji yetu Msomali, Mkamba, Mmeru na Mmunyoyaya hukaa juu ya benchi moja, hugawana chai moja, na aliyetangulia kufika hutangulia kupata abiria. Mwezi Novemba 2023, na tena Aprili 2024, mafuriko ya Tana yalipoifunika barabara kati ya Garissa na Madogo, niliwaona vijana hao wakibeba wazee mgongoni kutoka ukingo wa maji hadi pikipiki zilipo, na wengi hawakuulizwa nauli.

Lakini sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Katika kundi hilo hilo kuna ujeuri unaoua. Sheria ya Kenya inamtaka mwendeshaji na abiria wavae kofia ngumu na kizibao chenye kuakisi nuru, na abiria asizidi mmoja. Wengi huitundika kofia kwenye mkono wa usukani, kana kwamba usukani ndio wenye ubongo. Kijana mmoja wa steji yetu, mcheshi, mwenye umri wa miaka 22, aligongana na punda jioni moja katika barabara ya Dadaab. Pikipiki yake haikuvunjika ila taa na madigadi. Abti aliitengeneza kwa nusu siku. Yeye mwenyewe tulimzika kesho yake asubuhi. Kofia yake ilipatikana kando ya njia, nzima, haina hata mkwaruzo. Siku hiyo sanduku la mchango lilijaa, lakini hakuna sanduku liwezalo kumrudishia mama mwanawe. Tangu hapo steji ilikata shauri kwamba asiyevaa kofia hapewi zamu ya abiria, na shauri hilo limeshikwa hadi leo.

Msomaji kijana, sikuandiki haya ili ununue pikipiki, wala ili uziogope. Nimeyaandika kwa sababu utaishi katika nchi iliyojaa vyombo, na kila chombo humkuta mtu katika moja ya hali mbili: ama anakijua, ama anakibahatisha. Akijuaye hukifungua kwa mpango, hukisafisha, hukipima na kukirudisha. Akibahatishaye hukivunja, akalaumu kiwanda. Usione haya kupaka mikono yako oili, wala usione kitabu kuwa adui wa mikono. Vipuri vya chuma vimo madukani, na cha kutopatikana huchongwa. Lakini roho na ujana havina duka. Kitu kichakaacho kinaweza kufufuliwa na fundi mwenye subira. Wewe huna kipuri.